Hamu ya kusoma huja ukiwa umeshaanza

Swali: "Shikamoo mwalimu. Zimebaki siku 40 nifanye mtihani wa mwisho. Kila jioni nakaa mezani nikiwa na nia kabisa ya kusoma, lakini saa mbili zinapita sijamaliza hata ukurasa mmoja. Ratiba nimeshaichora mara tatu. Nashika simu 'dakika tano tu', nikija kushtuka ni usiku. Nyumbani wananiita mvivu na mimi nimeanza kuamini. Halafu usiku wa kuamkia jaribio nasoma kwa nguvu zote mpaka alfajiri, na mara nyingine nafaulu, kwa hiyo najiambia labda mimi ni mtu wa dakika za mwisho. Nifanye nini nipate hamu ya kusoma?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na neno lililonikaa rohoni ni hilo la "mvivu". Nitaanza nalo kabla ya simu na ratiba, kwa sababu ukilibeba jina hilo mpaka siku ya mtihani, ushauri wangu wote utakuwa kutwanga maji kwenye kinu. Mvivu hajisumbui. Hakai mezani saa mbili kila jioni, hachori ratiba mara tatu, haandiki barua kuomba msaada. Wewe unatumia nguvu nyingi sana, ila zote zinaishia kwenye kupigana na meza. Nimekaa na wanafunzi wa namna yako kwa miaka mingi, na nikiwauliza taratibu, bila kuwahukumu, karibu wote hunipa jibu lilelile: wakiliona daftari wanajisikia vibaya, na wanataka ile hali iishe.

Mwaka 2013 wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza tabia ya kuahirisha kazi, kama hii yako, kwa namna iliyonisaidia sana katika kazi hii. Walisema mtu anayeahirisha anatafuta nafuu ya moyo ya muda mfupi, na gharama ya nafuu hiyo anamwachia yeye mwenyewe wa kesho. Tatizo lako, basi, liko kwenye hisia kabla halijafika kwenye saa. Ndiyo maana ratiba tatu hazikukusaidia. Ratiba inapanga muda, na muda unao.

Jitazame kesho jioni uone nilichokisema. Unavuta kiti. Unafungua daftari, na jicho linaangukia mada ambayo siku ilipofundishwa hukuielewa vizuri. Hapo kifua kinabana kidogo. Kidogo tu, wala hulitaji jambo hilo kwa jina. Labda wazo linapita: "Hivi hata hii siijui?" Kabla halijamalizika, mkono umeshafika kwenye simu. Kioo kinawaka, kifua kinaachia. Muda wote huo haufiki hata nusu dakika, lakini ndipo jioni yako nzima inapoamuliwa. Ile nafuu uliyoipata ni malipo, na ubongo haukosi kukumbuka mahali ulipolipwa. Kesho utakimbilia huko mapema zaidi.

Wakati mwingine mkono hauendi kwenye simu. Unakwenda kwenye kupanga kalamu, kuandika upya muhtasari kwa mwandiko mzuri, kuchora ratiba ya rangi. Hayo yanaonekana kama kusoma, na yanahadaa kuliko simu, kwa kuwa hayakuachii hatia yoyote.

Sasa swali lako lenyewe: upate wapi hamu? Nasikitika kukwambia kwamba umekuwa ukiisubiri mahali isipopita. Unaichukulia hamu kama tiketi, kwamba bila kuwa nayo huruhusiwi kupanda. Kwa kazi ngumu mambo huenda kinyume. Mtu huanza akiwa hana hamu, anaelewa kitu kimoja kidogo, na kule kuelewa ndiko kunakomvuta aendelee. Fikiria mara ya mwisho ulipoanza kusoma kwa shida, kisha baada ya robo saa ukashangaa kuona haikuwa mbaya kama ulivyodhani. Hamu ilikukuta njiani. Kwa hiyo kazi yetu mimi na wewe ni kukuvusha hizo dakika chache za mwanzo ukiwa hivyohivyo bila hamu.

Kabla sijafika huko, nataka nigusie lile la dakika za mwisho, maana naona limekushika.

Umeniambia mara nyingine unafaulu. Zile mara nyingine ambazo hukufaulu hukuziandika, na hiyo ndiyo tabia ya kumbukumbu: inatunza ushindi wa usiku mmoja na kuyafunika mengine. Mwaka 1997 wanasaikolojia Dianne Tice na Roy Baumeister walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani waliowafuatilia katika muhula. Mwanzoni mwa muhula wale wenye tabia ya kuahirisha walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao, hata maradhi hayakuwasumbua sana. Tarehe za mwisho zilipokaribia mambo yakageuka: msongo ukawa mkubwa kuliko wa wenzao, wakaumwa zaidi, na alama zao zikawa chini. Waliosema "ngoja ngoja huumiza matumbo" walikuwa wameshayaona hayo.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi, na naomba ulisome bila kujitetea, maana silisemi kukusuta. Kusoma usiku wa mwisho kunakupa kinga. Ukifeli, utasema, "Sikusoma vya kutosha." Ukifaulu, utasema, "Na hapo sikusoma vya kutosha." Kwa vyovyote vile hutalazimika kujua uwezo wako halisi ni upi pale unapojitahidi kwa dhati. Anayesoma mapema, taratibu, kwa bidii, hana pa kujificha matokeo yakiwa mabaya. Hilo linatisha kweli. Niliwahi kukaa na binti mmoja mwenye akili nyingi ambaye kila mtihani alianza kusoma jioni ya mwisho. Nilipomuuliza ni nini kingetokea kama angeanza wiki tatu kabla akakosa alama alizozitaka, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi ingekuwa ni mimi." Aliogopa kupimwa yeye, mtihani ulikuwa chombo tu. Kama nawe una hofu hiyo, itambue kwa jina lake. Hofu iliyotajwa haitoweki, ila inapungua makali, na unaweza kufanya kazi ikiwa imekaa pembeni.

Haya, tuje mezani.

Kwanza usikae tena "kusoma". Neno "kusoma" halina mwanzo wala mwisho, na akili ikipewa kazi isiyo na kingo inaiona kama ukuta. Kaa kujibu swali moja. Swali uliandike jana yake, usiku, kabla hujalala, ili ukifika mezani usianze kuchagua. Kuchagua ndipo penye mtelezo: unapojiuliza "nianze na somo gani?" simu imeshakujibu.

Pili, ipe kazi hiyo saa na mahali, kwa sentensi yenye "nikisha". Kwa mfano: "Nikishaoga jioni, nakwenda mezani moja kwa moja na kujibu swali lililo juu ya karatasi." Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika jaribio moja alilolichapisha na Veronika Brandstätter mwaka 1997, wanafunzi walitakiwa kuandika ripoti ya namna walivyoutumia mkesha wa Krismasi na kuituma ndani ya saa 48. Wengine waliombwa waamue mapema wataiandika lini na wapi hasa, wengine hawakuombwa. Katika kundi la kwanza karibu robo tatu waliiandika kwa wakati. Katika kundi la pili ilikuwa kama theluthi moja. Nia wote walikuwa nayo. Tofauti ilikuwa kwamba wa kwanza hawakuhitaji kuamua tena muda ulipofika. "Nitasoma jioni" haina nguvu hiyo, kwa kuwa jioni ni ndefu na kila dakika yake inaweza kuipisha inayofuata.

Tatu, na hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo palipo dawa yenyewe: anza kwa kufunga kitabu.

Chukua mada moja ndogo. Tuseme usanisinuru. Weka kitabu chini, nje ya upeo wa macho. Kwenye karatasi tupu andika juu: "Jani linatengenezaje chakula?" Kisha jibu kwa maneno yako. Utaandika kwamba mmea unahitaji mwanga wa jua. Halafu maji, yanayotoka kwenye mizizi. Halafu utakwama. Kuna hewa inaingia na nyingine inatoka, lakini ipi ni ipi? Kuna kile kitu cha kijani, kinaitwaje? Na mwisho wa yote kinatengenezwa nini? Hapo mkono utataka kuchukua kitabu, au simu. Subiri dakika moja. Andika unachokisia na uweke alama ya kuuliza pembeni. Huko kukwama, ambako kunauma kidogo, ndiko kujifunza kwenyewe kunakoanzia.

Sasa chukua kitabu, na ushike kalamu ya rangi nyingine. Jaza mapengo: kabonidayoksaidi inaingia kupitia vitundu vidogo vya jani, klorofili inanasa mwanga, glukosi inatengenezwa, oksijeni inatoka. Funga kitabu tena. Tazama karatasi yako. Rangi ya kwanza ni unayoyajua, na huna haja ya kuyasoma leo. Rangi ya pili ni mambo manne. Robo saa iliyopita ulikuwa unaiogopa baiolojia nzima, na sasa una maneno manne. Hofu ya mwanafunzi mara nyingi hukua kwa sababu haijawahi kuhesabiwa.

Njia hii haitulizi moyo tu, inafundisha vizuri kuliko kusoma na kurudia kusoma. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi liliisoma makala fupi tena na tena, kwa wastani mara 14. Kundi jingine liliisoma kama mara 3 tu, kisha likatumia muda uliobaki kuandika kila walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nyingi walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka kama asilimia 40, na wale waliojipima walikumbuka kama asilimia 61. Kilichonigusa zaidi ni hiki: waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba wangekumbuka. Macho yakizoea maneno, akili inadhani imeyajua. Kupaka mistari ya rangi kwenye kitabu kunaleta kosa hilohilo.

Karatasi yako usiitupe. Baada ya siku mbili jibu swali lilelile kwenye karatasi mpya, bila kutazama ya zamani. Kisha baada ya wiki. Kusahau kidogo katikati ni jambo la kawaida. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alilipima kwa kujifanyia majaribio yeye mwenyewe na kulichapisha mwaka 1885, na tangu hapo imeonekana mara nyingi kwamba kujifunza kulikogawanywa kwenye siku kadhaa kunadumu kuliko kulikorundikwa usiku mmoja. Ndiyo maana yale ya usiku wa kuamkia jaribio hukumbuki tena wiki mbili baadaye. Kwa jaribio dogo unaweza kuponea. Kwa mtihani wa mwisho wenye masomo mengi, huo usiku mmoja utaugawa vipi?

Ukishazoea, chukua maswali ya mitihani iliyopita na uyafanye hivyohivyo, ukijipimia muda kwa saa, bila kitabu. Usiyaweke mpaka utakapokuwa "umemaliza kusoma". Wanafunzi wengi huyatunza kama nguo ya sikukuu, na sikukuu inafika hawajaivaa.

Muda wa kukaa: anza na dakika 25 kisha pumzika tano. Kipimo hicho alikibuni Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi, akitumia saa ndogo ya jikoni. Namba yenyewe haina muujiza. Kama 25 zinakutisha, anza na 10. Kinachotakiwa ni uone mwisho ukiwa bado mwanzoni.

Kuhusu simu sitakuhubiria. Kuiweka kimya juu ya meza hakutoshi, kwa sababu kazi ya kuikataa inabaki juu yako kila dakika, na ule mkono niliokueleza bado upo. Ipeleke chumba kingine. Mpe mtu mzima wa nyumbani, au izime na uiweke mahali ambapo kuifikia ni lazima usimame. Zile hatua chache zinakupa nafasi ya kujiuliza unakwenda wapi. Kama unaihitaji kusomea, pakua unachohitaji mapema kisha ukate intaneti. Na ukisikia kifua kinabana, sema kwa sauti ndogo, "Naona sijisikii vizuri na mada hii," halafu andika neno moja kwenye karatasi. Inaonekana jambo la kitoto. Wanafunzi waliolifanya kwa siku chache ndio walioniambia nilisisitize.

Ratiba yako ya nne, kama lazima uwe nayo, iwe ya siku tatu tu. Watu ni wabaya sana katika kukadiria kazi zao wenyewe. Katika utafiti wa Roger Buehler na wenzake wa mwaka 1994, wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao walikadiria kutumia siku 34 kwa wastani. Walitumia 55. Hata walipoombwa wakadirie ikiwa kila kitu kitakwenda mrama, walisema 49, na bado walipitiliza. Kwa hiyo ukiona mada ni ya siku moja, ipe siku moja na nusu, na kila siku ya nne uiache wazi kwa ajili ya yaliyochelewa. Ratiba isiyo na nafasi ya kuchelewa inavunjika siku ya pili, na ikivunjika unaona wewe ndiye uliyevunjika.

Maana itatokea siku ambayo hutafanya chochote. Utaumwa, au wageni watakuja, au utashika tu simu kama zamani. Kitakachofuata hapo kina uzito kuliko siku yenyewe. Wengi hujiadhibu: wanajitukana, wanaapa kwamba kesho watasoma kwa muda wa saa kumi kufidia, na hiyo kesho yenye saa kumi inatisha kiasi kwamba nayo inakimbiwa. Mwaka 2010 Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, waliwafuatilia wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza katika mitihani miwili. Waliojisamehe kwa kuahirisha kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kuelekea wa pili. Kujitukana kunaongeza uzito kwenye kilekile unachokikimbia. Kwa hiyo siku ikipotea, sema imepotea, na kesho yake ufanye kiasi cha kawaida, bila kufidia.

Na wazazi? Usibishane nao juu ya neno "mvivu". Siku moja waonyeshe karatasi yenye rangi mbili na umwombe mmoja wao akuulize maswali kutoka humo. Hahitaji kujua somo, anahitaji tu kulinganisha jibu lako na kilichoandikwa. Mzazi anayeshika karatasi anaona kazi kwa macho yake, na nyumba nyingi nilizozijua zilitulia kwa namna hiyo.

Lala. Kuna mengi ya kusema hapo ila wewe shika hili: usiku uliokesha unakula kumbukumbu ya siku iliyotangulia na umakini wa siku inayofuata.

Jambo moja la mwisho naliuliza kwa uangalifu. Kama kutojisikia vizuri kunakufuata hata nje ya masomo, yaani huna raha na vitu ulivyovipenda, hulali au unalala kupita kiasi, unaona hakuna maana ya lolote kwa wiki kadhaa, basi hilo ni zaidi ya kuahirisha na mbinu zangu za karatasi hazitatosha. Zungumza na mtu mzima unayemwamini na mwende pamoja kwa daktari au mshauri nasaha. Vivyo hivyo kama tangu utotoni umeshindwa kutulia kwenye jambo lolote, hata unalolipenda. Hayo yana tiba zake, na kuyaacha ukiyaita uvivu ni kujinyima tiba.

Zimebaki siku 40. Leo usichore chochote. Kabla ya kulala andika swali moja kwenye karatasi, kutoka ile mada inayokubana kifua zaidi, uiache juu ya meza na kalamu mbili za rangi tofauti. Ukiniandikia tena baada ya wiki, usinieleze umekaa saa ngapi. Nitajie yale yaliyokuwa kwenye rangi ya pili, na ni mangapi kati yake yameshahamia kwenye ya kwanza.